Akina Ciakuthii Wawili, Zamu Moja

"Nyanya zangu zimekauka kama tumbaku, zako zinacheka! Hebu sema, huyu Ndambiri umempa nini?" Ciakuthii Mdogo alipaza sauti.

"Nimpe nini, na mume wangu yuko hapa ananisikia?" Ciakuthii Mkubwa alijibu kutoka upande wake wa ua. "Maji yakija kwangu niyafukuze?"

Njia ilikuwa imejaa majirani. Kule Kanja hakuna redio inayoshinda ugomvi wa uani. Mmoja alikuja na kikombe chake cha chai mkononi, asikose neno.

Waliogombana walikuwa watoto wa ndugu wawili wa boma la Njura. Kila ndugu alimpa binti yake jina la mama yao, kama desturi inavyotaka, na boma likapata akina Ciakuthii Njura wawili. Majirani waliwatofautisha kwa umri tu: Mkubwa na Mdogo.

Ndambiri, anayewafungulia watu maji ya mradi, alisimama katikati na ufunguo wa valvu mkononi. "Dada, mimi nafuata simu. Jina likitokea, nafungua. Ciakuthii Njura hutokea mara moja kwa wiki, nami namfungulia."

"Mara moja, tena kwa huyo!" Mdogo alifoka. "Kamati ya maji inakaa leo alasiri. Huo ufunguo utauacha mezani!"

Gacheri, msichana wa jirani, alihesabu: akina Ciakuthii ni wawili, simu inataja mmoja. Programu ya zamu za maji iliyokuwa ndani ya simu ile aliiandika yeye, katika klabu ya kompyuta shuleni. Mama yake alikuwa bado anamsifu sokoni. Akinyamaza, nani angejua? Lakini Ndambiri angepoteza kazi.

Alikimbia hadi nyumbani kwa Mwalimu Rahema, msimamizi wa klabu. "Mwalimu, kwenye programu akina Ciakuthii wameingia wawili, anatoka mmoja!"

Mwalimu alifungua kompyuta. "Programu ikimhifadhi mtu, humtafutia droo. Husaga maelezo yake yakawa namba, na namba huonyesha droo. Ni kama posho mill, mashine ya kusaga: mahindi yaleyale, unga uleule. Wewe ulisaga nini?"

"Jina."

"Jina tupu?"

"Jina tupu. Na nikaiambia kwamba wenye jina moja ni mtu mmoja."

"Ndipo ulipoteleza. Watu wawili kuangukia droo moja si neno, wanaweza kukaa humo bega kwa bega. Lakini wewe umeiambia ni mtu mmoja! Mdogo alipoingia, ikadhani ni Mkubwa amerudi, ikamtoa yule ikamketisha huyu. Na kwenye kioo cha simu inaandika nini?"

"Mwanzoni iliandika herufi na namba zisizoeleweka. Nikaifundisha iandike jina."

"Jina ambalo wote wawili wanaitikia! Ndambiri naye huishia shamba la kwanza njiani, la Mkubwa."

Gacheri alifikiri. Kila bomba la mradi lina mita, na hakuna mita mbili zenye namba moja. Akaiambia programu isage namba ya mita, itambue mtu kwa namba hiyo, na kwenye kioo iandike jina pamoja na mita. Akawaingiza wote upya. Safari hii akina Ciakuthii walitokea wawili, kila mmoja na mita yake.

Walifika kamatini Ndambiri akiwa ameshaweka ufunguo mezani. Gacheri alienda hadi mbele.

"Ndambiri hana kosa," alisema. "Programu niliiandika mimi. Iliwafanya akina Ciakuthii wawili kuwa mtu mmoja."

Sauti ikatoka nyuma: "Kumbe kompyuta nayo haijui ukoo!" Watu wakacheka hadi benchi likalia. Mwenyekiti alimsukumia Ndambiri ufunguo wake.

Mwalimu Rahema alimshika Gacheri bega mbele ya wote. "Programu kukosea ni kawaida, hata zangu hukosea. Lakini kosa lako likimwangukia mwenzako ukanyamaza, hapo hakuna kompyuta itakayokurekebisha. Leo umesema mapema, na mtu amebaki na kazi yake."

Jioni ile maji yaliingia shambani kwa Mdogo. Aliyatazama yakipita kati ya mashina, mengine bado yana uhai. Ndambiri alikuwa ameshafungua valvu, anaondoka zake.

"Ndambiri," Mdogo alimwita, macho chini. "Nilikusema vibaya mbele za watu. Usiende na maneno yale tumboni. Na wewe Gacheri, mbona umesimama getini kama mgeni? Mukimo umeiva, viazi na mahindi vimepondeka vizuri. Ingieni mle."