Mara Mbili Begani

Watu wa Bishkeki tuna ugonjwa mmoja: kila mtu ni bingwa wa kulea mtoto wa mwenzake. Jumapili ile ya mwezi wa tatu Soko la Osh lilifurika, harufu ya mikate ya tanuri na bizari ikijaa puani. Katikati ya njia ya wauza mikate, msichana wa miaka minane aitwaye Saikal alikuwa amejilaza kwenye theluji iliyogeuka tope, ameziba masikio, anapiga mayowe.

“Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo,” alisema muuza mikate mmoja, makusudi asikike.

“Mchape kidogo tu, atanyamaza!” mwingine akadakia.

Mama yake, Begaim, alisimama pale na koti la kijani alilojishonea mwenyewe, machozi yakimlenga. Saikal alikuwa na usonji, hajapata kutamka neno. Baba yake alikwenda Urusi kutafuta kazi, akapata mke.

Mwanamume mmoja mpana wa mabega akaja na mfuko wake, akaketi kwenye tope, hatua mbili kutoka kwa mtoto. Hakumgusa, hakusema kitu. Mayowe yakapungua, yakawa kwikwi, kisha Saikal akaanza kuuvuta mkanda mweusi uliochungulia mfukoni.

“Wewe daktari?” Begaim aliuliza.

“Hapana, dada. Mimi naangusha watu.”

Begaim akacheka, akashangaa kujisikia akicheka.

“Suruali yako imeharibika.”

“Itafuliwa. Mlete Jumamosi. Nina watoto sita kama yeye, na wote wananipiga.”

Ndiye Turat. Alifundisha judo chini ya jengo kuukuu nyuma ya stesheni ya treni. Kwenye mkeka wake sheria kubwa ilikuwa moja: uliyemshika akigonga mara mbili, unamwachia papo hapo, huulizi kwa nini. Kisha unampa mkono ainuke, mnainamiana, mnaanza upya.

Saikal, ambaye shuleni walisema hafundishiki, aliishika sheria hiyo ndani ya wiki tatu, akaipeleka hadi nyumbani. Uji ukiwa wa moto, aligonga meza. Mama akikaza nywele wakati wa kusuka, aligonga goti. Na akikumbatiwa sana, aligonga bega mara mbili. Begaim akilegeza, mtoto hakukimbia. Aligeuka, akaegemeza mgongo wake kwa mama, akatulia. Hiyo ikawa lugha yao.

Simu za Turat nazo zilianza na habari za mazoezi, zikaishia kwingine.

“Umekula, fundi?” Turat aliuliza, maana Begaim alikuwa fundi cherehani.

“Nimekula. Wewe je?”

“Nimekaanga mayai, yameungua.”

“Mwanamume mzima, unaangusha watu wa kilo mia, yai linakushinda?”

“Yai halina pa kulishika, roho yangu.”

Begaim akaibana simu sikioni. Ilikuwa miaka mitano hajaitwa roho ya mtu.

Mwezi wa tisa walikaa kwenye benchi katika bustani ya mialoni, Saikal akizipanga mbegu za miti mstari mmoja. Turat alivaa shati la bluu, kapiga pasi upande mmoja tu.

“Begaim, nataka tuishi pamoja, sisi watatu. Mama yangu keshaanza kushona mifarishi ya harusi.”

Akamkumbatia. Begaim alitaka kusema ndiyo. Lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na yule mume wa kwanza naye alisema maneno matamu katika bustani hiyohiyo. Mkono wake ukagonga bega la Turat mara mbili.

Turat akamwachia papo hapo.

“Nimeelewa,” alisema. “Samahani, dada.”

Dada! Akachukua mfuko wake, akaenda zake. Hakupiga simu jioni, wala kesho yake. Begaim akajisemea, ndio walewale, kachoka na mtoto wangu. Hakumpeleka tena Saikal mazoezini.

Baridi ikaanza. Begaim alishona, akasimamisha cherehani ghafla akidhani amesikia simu, kumbe hakuna. Upande wa pili wa mji Turat alikaanga mayai, akaitazama namba ya Begaim, akairudisha simu mfukoni. Kwake yeye aliyegonga hakamatwi tena. Mimi ninayesimulia nilimhurumia Turat mpaka nikamkasirikia.

Saikal ndiye aliyeteseka bila kusema. Kila Jumamosi alivaa gwanda lake jeupe, akaketi mlangoni na viatu mkononi mpaka adhuhuri. Kisha akalivua, akalikunja. Jumamosi ya tisa mama yake akashindwa kuvumilia.

“Twende, mwanangu,” alimwambia. “Aibu ni yangu, wewe huna kosa.”

Turat alipowaona wanaingia ukumbini, alisimamisha mazoezi. Saikal akamwendea moja kwa moja, akamshika gwanda. Turat akamlaza, akambana taratibu. Mtoto akagonga mara mbili, akaachiwa, na mwalimu akageuka haraka kwenda kwa mwingine, akificha macho yake. Saikal, angali chini, akamvuta suruali, akamrudisha. Akanyoosha mkono, akasubiri ainuliwe.

Begaim akavua viatu, akapanda mkekani na soksi zake, moja imetoboka kidoleni.

“Na mimi hukunipa mkono, mwalimu.”

“Uligonga, Begaim. Ningefanya nini?”

“Kwetu tukigonga maana yake legeza. Siyo ondoka.”

“Ungeniambia.”

“Ungeniuliza! Miezi miwili nasubiri simu, nikajua umemchoka mtoto wangu.”

“Mimi? Huyu?” Turat akaonyesha ukutani. “Tazama ule mstari.”

Watoto sita walikuwa wamejipanga ukutani. Kati ya wa tatu na wa nne palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

“Kila Jumamosi,” Turat alisema. “Hakuna aliyekubali kuijaza.”

Begaim akalia palepale, mbele ya watoto wa watu. Turat akamwinua Saikal, kisha akampa Begaim mkono. Wakainamiana. Halafu akamkumbatia polepole, kwa woga.

“Na ukigonga tena?”

“Unilegezee,” Begaim alijibu, uso umezama kwenye gwanda. “Halafu ukae hapohapo.”

Saikal akaja, akageuka, akaegemeza mgongo wake kwa wote wawili, akatulia.