Kioo cha Kumwona Mama

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alikimbia nyumbani, akatupa mkoba kitandani na kumsaidia Shangazi kupanga chakula kwenye kikapu. Kisha wakaongozana hadi hospitali, na njia nzima alizungumza yeye. Jina la Chiriku hakupewa bure, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini walipofika uwanja wa nyuma, mbele ya wadi ya wagonjwa wa kifua kikuu, alinyamaza. Shangazi alivaa barakoa akaingia na kikapu, na Chiriku akabaki nje, kwa sababu watoto hawakuruhusiwa kuvuka mlango ule.

Mama yake alikuwa amelazwa humo tangu mwanzo wa muhula. Wagonjwa waliopata nafuu walitoka kuota jua barazani, lakini mama hakutoka. Kitanda chake kilikuwa chini kabisa ya dirisha, na dirisha lenyewe, ambalo liliachwa wazi mchana kutwa ili hewa ipite, lilikuwa juu kuliko kichwa cha Chiriku. Siku moja alipanda juu ya ndoo akachungulia kati ya nondo. Aliona ukuta wa upande wa pili na vitanda vya watu wengine. Mama alikuwa hapo hapo chini ya pua yake, naye hakumwona. Muuguzi alimteremsha haraka na kumkanya asirudie.

Simu ya mama ilikuwa ile ndogo ya vitufe, isiyoonyesha sura ya mtu. Ilileta sauti tu, na hata hiyo ilikatizwa na kikohozi. Kila Chiriku alipouliza hali, Shangazi alijibu kwamba mama anaendelea vizuri, huku akijishughulisha na mfuniko wa bakuli. Jibu hilo halikumtosha Chiriku. Hamu ya kumwona mama ilimfuata mpaka darasani. Alipojaribu kuukumbuka uso wake, ulikuja nusu, kisha ukapotea, na hilo lilimtia hofu kuliko kikohozi.

Wiki hiyo, mwalimu wa sayansi alifundisha kuhusu nuru. Aliwasha tochi mbele ya kioo, akawaonyesha kwamba nuru ikigonga kioo hurudi kwa pembe ile ile iliyojia. Wenzake walipotoka kucheza, Chiriku alibaki. Aliuliza kama kioo kinaweza kumwonyesha mtu aliyelala chini ya dirisha, naye anayemtazama yuko nje. Mwalimu alitaka kujua mtu huyo ni nani. Alipoambiwa, alifuta ubao polepole, hata pale ambapo palikuwa pasafi.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Ila usianze na kioo. Anza na pale unapotaka kufika, yaani uso wa mama. Chora mstari kutoka machoni pake hadi ukuta wa pili. Kutoka hapo chora mwingine, upite dirishani mpaka machoni pako. Mistari inapokutana ndipo kioo kitakapokaa, kikiinamishwa ili kielekee katikati ya mistari hiyo miwili."

Mwalimu alikwenda mwenyewe kuzungumza na muuguzi mkuu. Muuguzi alikubali kwa masharti: kioo kitundikwe na fundi wa hospitali, na mtoto asitie hata kidole cha mguu mlangoni. Shangazi alipewa utepe wa kupimia. Alipima upana wa chumba na kimo cha dirisha, naye Chiriku akapima uwanja. Kwa mara ya kwanza tangu mama alazwe, alikaa mezani na karatasi ya miraba bila kusema neno.

Alipokaribia kumaliza ndipo alipogundua pengo. Kimo cha kitanda hakikupimwa. Mwalimu aliutaka mchoro asubuhi, kwa sababu fundi angefanya kazi siku hiyo hiyo, na Shangazi asingeingia wadini tena kabla ya hapo. Kungoja siku nyingine kulimshinda. Chiriku alipima kitanda chake mwenyewe, akaandika kipimo hicho. Alijiambia kwamba kitanda ni kitanda.

Asubuhi mwalimu aliukagua mchoro mstari kwa mstari. Akauliza kama kitanda nacho kilipimwa.

"Ndiyo, Mwalimu, kilipimwa," Chiriku alijibu, na uongo ukateleza kama maji.

Jioni kioo kilikuwa tayari ukutani, kimeinama kidogo kwa mbele. Chiriku alisimama uwanjani mahali alipochora duara kwa chaki, mwalimu na fundi wakiwa kando yake. Aliinua macho. Ndani ya kioo aliona sakafu, mguu wa chuma wa kitanda, na ndara mbili, moja ikiwa imepinduka. Alizitambua ndara hizo. Alisogea mbele, ukingo wa dirisha ukakificha kioo. Akarudi nyuma, akaona sakafu zaidi.

Shangazi alitoka akiwa ametabasamu. "Amejipaka mafuta tangu mchana," alisema. "Ameomba awekewe mito miwili. Vipi, umemwona?"

Chiriku alitikisa kichwa. Machozi yalimlengalenga. Mwalimu alifungua mchoro, akaupitia tena, akasema kwamba mistari yote iko sawa, huenda fundi amekosea kuinamisha. Fundi alikunja uso. Alisema yeye amefuata karatasi kama alivyopewa, lakini kama amekosea atashusha kioo na kuanza upya. Alianza kukusanya vifaa vyake bila kumtazama mtu.

Ilikuwa rahisi kunyamaza. Chiriku aliitazama mikono ya fundi, imejaa vumbi la ukuta, akashindwa.

"Fundi hakukosea," alisema. "Kitanda hatukukipima. Nilipima changu nyumbani."

Shangazi alishusha pumzi. Mwalimu hakupandisha sauti, na Chiriku aliona afadhali angefoka.

"Ungeniambia hujui," alisema mwalimu, "tungengoja siku moja tu."

Fundi alirudi wadini na utepe, akamweleza mama kilichotokea. Kitanda cha hospitali kilikuwa kirefu kwenda juu kuliko cha Chiriku, tena kiliwekewa magurudumu. Chiriku alikaa chini kwenye vumbi akachora upya. Alitaka kukiinua kioo kwa tofauti yote aliyoipata, lakini mwalimu alimkumbusha kwamba kioo kikigeuka kidogo, nuru hugeuka mara mbili yake, kwa hiyo nusu ingetosha. Fundi alichonga kipande chembamba cha mbao, akakipachika nyuma ya ukingo wa chini wa kioo.

Chiriku alirudi kwenye duara lake. Sakafu ilikuwa imepotea. Palikuwa na mito miwili, na kati yake uso wa mama. Ulikuwa umekonda, mifupa ya mashavu imetokeza, lakini macho yalikuwa yale yale, na yalimtazama yeye. Katika hesabu zake zote Chiriku alifikiria kuona tu. Hakukumbuka kwamba njia ya nuru iliyomletea mama ingempeleka na yeye kwa mama.

Simu ya Shangazi iliita. Alimpa Chiriku.

"Umeruka kifungo kimoja cha shati," sauti ya mama ilisema.

Chiriku alicheka, kisha akalia, na viwili hivyo havikutengana vizuri. "Mama, umekonda," alisema.

Kule kiooni mama alifumba macho, akayafumbua.

"Nimekonda kweli," alijibu. "Mimi ndiye niliyemwambia Shangazi asikwambie. Nilikisia kwamba usipojua hutaumia, kama wewe ulivyokisia kitanda changu. Sote tulikosea, mwanangu. Daktari anasema dawa imeanza kufanya kazi, lakini bado nina miezi ya kumeza vidonge, na sitaruka hata siku moja. Kuanzia leo nitakwambia hali yangu ilivyo, hata ikiwa mbaya. Na wewe, jambo usilolijua, sema hulijui. Hakuna atakayekucheka, na kazi yako itakuwa imara."

Chiriku aliitikia. Akamrudishia Shangazi simu, akavifungua vifungo vyote vya shati, na kuvifunga upya kimoja kimoja, polepole, mama akimtazama.