Kufuli la Efraín Matos

Ijumaa za Kwaresima nusu ya mji wa Lorain hula samaki kwenye ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Kiwanda chao cha bati za magari kimefungwa mwaka na ushee, lakini mafuta bado yanachemka na foleni bado inafika nje kwenye maegesho. Ileana Matos, katibu wa mwisho wa chama hicho, ndiye aliyekuwa akigawa sahani. Alivaa aproni ya plastiki juu ya sweta la kijani lililomkaa vizuri kuliko alivyojua mwenyewe, nywele kazibana kwa penseli.

"Kaka, ni vipande vitatu kwa mtu. Hicho cha nne cha nani?"

"Chako. Tangu niingie sijakuona ukila."

Wazee wa foleni wakaguna kwa raha. Mwenye sahani alikuwa Renard Tolliver, mtu mweusi mrefu kutoka Chattanooga, koti la turubai, mikono mipana, sauti ya taratibu ya watu wa Kusini.

"Mgeni wewe. Unafanya kazi gani?"

"Nahamisha vitu vizito."

"Kama piano?"

"Hata piano."

"Basi utakuja kunihamishia friji la mama."

"Nakuja. Ila liwe na kitu ndani."

Ileana alicheka mpaka penseli ikamdondoka. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: WANAONG'OA MASHINE ZETU HAWALI HAPA. Renard aliisoma akiwa na samaki mdomoni. Yeye na wenzake walikuwa wamekuja kung'oa mashine hizo hizo na kuzipeleka Saltillo, Mexico. Ilimpasa aseme pale pale. Hakusema, nami simtetei.

Wiki tatu zilizofuata simu hazikupoa.

"Umekula?" Renard angeuliza.

"Bado."

"Nakuja kukuchukua. Vaa kofia, usije ukanifia na baridi kabla sijakuzoea."

"Nani kakwambia utanizoea?"

Jumapili moja walitembea ukingoni mwa ziwa, barafu ikipasuka kidogo kidogo, na hapo Ileana akamweleza habari za baba yake. Efraín Matos alifanya kazi miaka thelathini na moja kwenye mashine namba sita, ile kubwa ya kukandamizia bati za milango ya magari. Kila mtu kiwandani alikuwa na kufuli lake jekundu lenye picha yake. Ukitaka kuingia ndani ya mashine unaifunga swichi kwa kufuli lako, na hapo hakuna bosi anayeruhusiwa kuligusa. Anayekupokea zamu hufunga lake kwanza, anakwambia "nimekupokea," ndipo unafungua lako na kwenda zako.

"Siku aliyokufa mimi ndiye nilikuwa nampokea," alisema Ileana. "Saa tisa na nusu. Nikachelewa kwenye mkutano wa chama, tulikuwa tunapiga kura ya kukubali kiwanda kifungwe. Nilipofika wanamvuta miguu. Moyo ulisimama akiwa humo ndani."

"Pole, mpenzi."

"Ufunguo wake nilipewa hospitalini. Kufuli bado liko pale. Nimekataa lisiguswe."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hajatoka."

Alilisema kama mtu anayetaja saa. Jua lilikuwa linawaka, lakini Renard alihisi baridi ikimpanda mgongoni, maana mashine namba sita ilikuwa ya mwisho kwenye orodha yake. Alifungua mdomo aseme. Ileana akamshika mkono, naye akaufunga mdomo tena.

Jumatatu bosi wa wang'oa mashine, Haskell Prewitt, akamkabidhi Renard fomu. Mkataba wa kufunga kiwanda ulitaka sahihi ya chama kabla kufuli la mtu halijakatwa. Swali la tatu liliuliza: Je, mwenye kufuli ametoka ndani ya mashine? Chini yake palikuwa na nafasi ya saa ya kutoka na sahihi ya katibu.

"Lori la kuibeba linafika Ijumaa saa kumi," Prewitt alisema. "Asiposaini, nalikata kwa moto wa gesi mwenyewe."

Renard alikwenda kwa Ileana jioni ile, shati lake jeupe limepigwa pasi. Ileana alisoma fomu akiwa amesimama mlangoni. Alipomaliza, rangi ilikuwa imemtoka usoni.

"Kumbe ulipokula samaki wote wale ulikuwa unawinda sahihi yangu."

"Ileana, nilikuwa sijui kama..."

"Ulikuwa hujui kusoma? Karatasi si ilikuwa ukutani?"

"Niliisoma. Niliogopa usingenipa sahani. Baadaye nikaogopa zaidi."

"Na mimi nakusimulia habari za baba yangu huku unahesabu siku za kumng'oa! Unajua mnachofanya? Mtamsafirisha kama spea. Mtamshusha mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja anayejua jina lake."

"Nisikilize basi, kipenzi..."

"Kipenzi mwambie mama yako. Toka."

Renard alipiga simu Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Ileana aliiangalia ikilia mezani na hakuigusa. Alimchukia, na alimkumbuka, na vyote viwili vilimuuma kwa pamoja.

Ijumaa saa nane mchana aliipokea kwa hasira.

"Sikuombi sahihi," Renard alisema haraka. "Wenzangu wamekwenda kula. Umeme humu ulikatwa tangu mwaka jana. Sikiliza tu."

Aliibandika simu kwenye ubavu wa mashine. Ileana akasikia upepo, na njiwa. Kisha, kutoka ndani kabisa ya chuma: ngo, ngo, ngo. Kimya. Ngo, ngo, ngo.

Akakaa sakafuni.

"Umemjibu?"

"Kujibu nini? Ileana, nani huyo?"

"Aliye ndani akigonga mara tatu anauliza kama upo. Unajibu mara mbili. Chukua spana, Renard. Usimwache anauliza peke yake."

Akamsikia akigonga mara mbili. Kule ndani kukanyamaza.

Ileana alifika kiwandani saa tisa na dakika ishirini, kavaa ovaroli yake ya bluu na viatu vya chuma vidoleni, kufuli lake mwenyewe mfukoni. Humo ndani palibaki mashimo ya bolti sakafuni, mistari kwa mistari, na maji yaliyotuama. Mashine namba sita ilisimama peke yake katikati, ndefu kama nyumba ya ghorofa mbili. Ilikuwa inanukia mafuta ya moto.

Prewitt alikuwa amekwishauwasha moto wa gesi wa kukatia. Renard alisimama mbele ya swichi, mikono kaikunja kifuani.

"Sogea, Tolliver."

"Mtu akiwa ndani hatukati. Ukikata, tafuta wengine wa kuinua hiki chuma. Mimi na wenzangu tunaondoka."

"Tangu lini unaamini mizimu?"

"Siamini mizimu. Naamini kufuli."

Ngo, ngo, ngo.

Prewitt akaangalia mashine, akaangalia waya za umeme zilizokatwa zikining'inia ukutani. Aliizima gesi bila kuambiwa, akarudi nyuma hatua kadhaa.

Ileana alipita mbele yake bila kumtazama. Alifunga kufuli lake pembeni mwa lile la baba yake, akachukua spana mkononi mwa Renard na kugonga mara mbili.

"Papi, ni mimi. Nimechelewa, nisamehe. Nimekupokea. Toka."

Kwanza hapakuwa na kitu. Halafu ndani ya mashine kitu kikaanza kuburuzika polepole, kama mtu anayetoka kinyumenyume kwa tumbo. Kiliburuzika mpaka ukingoni. Hakuna aliyeonekana. Harufu ya kahawa na peremende iliwapita usoni, na Ileana akaifahamu kuwa ni ya baba yake. Alitia ufunguo kwenye kufuli la Efraín, akalifungua. Chuma cha swichi kilikuwa na baridi ya kubabua ngozi, lakini kufuli lile lilikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu sasa hivi.

"Sasa fungua lako," Renard alisema.

Ileana hakusogea.

"Ileana. Lako."

"Nani kanipokea?" Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliye mbali. Tayari alikuwa ameinama kuchungulia pale chini, kwenye giza la mashine. "Zamu yangu ndiyo kwanza imeanza. Siwezi kuondoka tu."

Hapo Renard aliogopa kweli. Aliogopa kuliko alivyoogopa zile ngo, ngo. Alipekua koti lake, akatoa kufuli la bluu lenye picha yake amenuna, akalifunga juu ya la Ileana.

"Nimekupokea."

"Wewe si mwanachama hapa."

"Nina kadi ya chama miaka kumi na sita. Chama kingine, sheria ile ile. Nimekupokea, Ileana. Nenda nyumbani."

Ileana aligeuka akamtazama, na macho yake yakarudi taratibu kuwa yake.

"Na wewe nani atakupokea?"

"Yuko mtu Saltillo atakayeiendesha. Naenda nayo, namkabidhi mkono kwa mkono, namwambia ilikuwa ya nani. Kisha narudi hapa kukuoa. Nilipanga kulisema vizuri zaidi, lakini ndiyo hivyo."

Ileana alifungua kufuli lake.

Walitembea hadi kwenye geti la wafanyakazi, Prewitt nyuma yao kashika fomu. "Dada, tafadhali, ni sahihi tu."

"Bado," alisema Ileana.

Geti hilo ni mlango wa vyuma wa kuzunguka, unaopitisha mtu mmoja mmoja, na kutu ilikuwa imeukaza. Ileana aliusukuma kwa bega, ukalia, akapita. Renard akausukuma, ukalia, akapita. Prewitt alikuwa bado yuko mbali, hatua kumi hivi, alipouona ukianza kuzunguka tena. Ulizunguka polepole, mtupu, kwa uchovu wa mtu aliyesimama kutwa nzima. Ukalia, ukasimama.

Prewitt alipitisha fomu kwenye upenyo wa vyuma.

"Geuka, nipate pa kuandikia," Ileana alimwambia Renard.

Renard akageuka na kuinama kidogo. Alihisi kalamu ikitembea mgongoni juu ya koti: Ametoka. Saa tisa na dakika hamsini. Kisha sahihi, ndefu. Kisha kalamu ikaanguka, na uzito wa paji la uso ukatua pale pale katikati ya mabega yake. Ileana alikuwa analia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa kwikwi kubwa zilizomtikisa Renard mzima.

"Nitaolewa na wewe," alisema, mdomo kwenye koti lake la turubai. "Ila usigeuke kwanza. Bado ananiaga."