Kichwa cha Dume Kilichotoka Kaburini kwa Ova

Cheka, Denzil. Cheka vizuri, maana hicho kichwa ulichokitundika juu ya televisheni hakichekeshi mtu. Hadithi za vikongwe, siyo? Mimi nilikuwepo. Wewe ulikuja baadaye kuokota pembe, kama kunguru.

Funga mdomo usikilize.

Jioni ile nilikuwa nampelekea Orbin, mtoto wa dada yangu, maharage na mkate wa mahindi. Alikuwa amebahatika kupata kibali cha kuwinda elki dume, yule kulungu mkubwa wa pembe za matawi, akapiga kambi kule juu, kwenye kilima kilichokatwa kichwa na kampuni ya makaa ya mawe, pakabaki majani matupu.

Babu zetu waliwala elki wa Kentucky wakaisha wote. Mnyama mwenye kimo cha farasi, wakammaliza! Siku serikali ilipoleta wengine kwa malori kutoka magharibi, dada yangu Ova alikwenda kuwaona wakifunguliwa. Akalia. Yeye ambaye hakutoa chozi hata mumewe alipofukiwa mgodini. Akasema, "Nikifa, nizikeni hapa walipo." Tukamzika hapo, kwenye makaburi ya ukoo, ukingoni mwa kilima kile, ambako kampuni haikufika. Na ukoo wote ukashika sheria yake: mnyama akishaingia ndani ya ua wa makaburi, hapigwi.

Orbin aliijua. Si alikuwa mwanawe!

Nilimkuta amechuchumaa na bunduki yake, jua linazama. Akapuliza kifilimbi chake, ile sauti ya jike anayetafuta dume. Dume likatoka msituni. Likaruka ua... likapiga magoti juu ya kaburi la Ova, likalala.

"Ngoja litoke," nikamnong'oneza.

"Mama mdogo, pembe zile hazingoji mtu."

"Limelala juu ya mama yako, mpumbavu wewe!"

"Basi mama ananishikia."

Akapiga.

Akakata kichwa kwa msumeno, akakipakia kwenye pikapu yangu, msumeno akautupia humo humo. Nyama akaiacha. Mlima wa nyama, juu ya kaburi la mwanamke aliyeuchinjia ukoo mzima nguruwe kila baridi ilipokaribia, na asitupe hata utumbo.

Ndipo tukasikia.

Jike anaita.

Nikamtazama Orbin. Kifilimbi kilikuwa mkononi mwake, si mdomoni.

Sauti ikaita tena, karibu zaidi. Harufu ikatujia, mkojo wa dume, na ndani yake... ugoro. Ugoro wa Ova. Halafu ile sauti ikageuka.

"Orbin... njoo ule, mwanangu."

Nikamkamata koti. Akajichomoa, akaniachia koti, akaenda huku anatabasamu. Nilimwita mpaka koo likakauka. Akaingia kwenye miti, pale pale dume lilipotokea.

Nikashuka nyumbani na pikapu kuita watu. Walimkuta asubuhi juu ya kaburi, miguu imekunjwa chini ya tumbo kama mnyama alalavyo.

Kichwa chake hakikuwepo.

Na ile nyama haikuwepo. Hata mfupa! Sherifu akasema shingo imekatwa kwa msumeno. Msumeno wenyewe tukaukuta kwenye pikapu, ndani ya banda langu lililofungwa kwa kufuli usiku kucha, nao una damu mbichi. Akaniuliza, "Bibi Verlie, ulimchukia?" Nikamjibu, "Jioni ile, ndiyo." Alinitazama sana. Hakupata la kunifunga.

Sisi tunakesha na maiti, wewe ukaenda bandani ukakibeba kichwa cha dume, ukampa fundi akikaushe, akakitia macho ya kioo. Sasa unawaita watu waje kukipiga picha.

Sikuja hapa kunywa kahawa. Nimekuja nikirudishe kaburini kabla giza halijaingia. Tangu majani ya miti yaanze tena kuwa mekundu, ile sauti inazunguka nyumba yangu jioni, inauliza kichwa kiko wapi. Nimemwambia Ova nitakuomba kwanza. Basi nakuomba. Kiteremshe.

Eti nini? "Pembe kama hizi hazipatikani mara mbili, bibi"?

Haya. Umesema mwenyewe.

Nipe shali yangu... Nyamaza kidogo. Umesikia? Hapana, si elki. Sikiliza vizuri.

Mkeo? Mkeo si yuko mjini Lexington kwa dada yake? Naam, sauti ni yake kabisa. Hata kukohoa anakohoa kama yeye.

Mbona umeacha kucheka? Sasa unataka kukiteremsha? Angalia unavyoparamia kiti, hata msumari huufikii. Umechelewa, kijana. Kaa. Wala usinisindikize, njia naijua.

Ingia, dada Ova. Yuko peke yake.

Naufunga mlango.