Kikombe Chini ya Tambi

Sogeeni jamani, viti vipo. Ila kabla sijaanza, simu zenu zigeuzeni kifudifudi. Mkiniuliza kwa nini, nitawaambia subirini, maana kisa chenyewe kinahusu subira, tena ile ya kusubiri chakula ambacho kimeshaiva.

Alikuwepo kinyozi mmoja, mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, wateja wakimwita Mvuke. Jina hilo hakubandikwa bure, mtaona wenyewe. Jumapili moja asubuhi nyumba yake ilikuwa imetulia tuli. Mama yake mzazi, aliyehamia kwao baada ya kulazwa kwa ugonjwa wa sukari, alikaa kwenye kochi karibu na dirisha akimsuka mjukuu wake wa miaka kumi. Redio iliimba chinichini. Mkewe, ambaye ni muuguzi, alikuwa kazini na angerudi saa nane mchana. Mvuke mwenyewe alikuwa jikoni, kajifunga aproni, anatwanga.

Alitwanga pilipili nyekundu zilizolowekwa, vitunguu saumu, tangawizi, mchaichai na maganda ya ndimu, mpaka vyote vikawa rojo jekundu la kutoa machozi. Siku hiyo alikuwa anapika supu ya tambi ya Kithai, na alikuwa na sababu nzito. Tangu atoke hospitali, mama alikuwa hali chakula. Akiletewa sahani anaichokoachokoa, anaisukuma pembeni. Daktari alisema bila kuzunguka: asipokula vizuri anarudi wodini. Sasa jana yake, katika kupekuapekua simu ya mwanawe, mama aliiona picha ya supu hiyo akasema, "Hii naweza kuila." Mvuke karibu aruke juu kwa furaha.

Akalikaanga nusu ya lile rojo kwa tui zito hadi mafuta yakajitenga, akatia vipande vya kuku, binzari, tui jepesi na sukari kiduchu. Harufu ikatoka jikoni, ikamfuata mama mpaka kwenye kochi.

"Wewe mtoto, leo umeamua kunitesa?" mama akaita.

"Bado kidogo tu mama! Meza kabisa dawa yako, chakula tayari."

Mama akameza. Ilikuwa saa sita kamili. Mlangoni mwa friji palibandikwa karatasi yenye mwandiko wa muuguzi: *Dawa, kisha chakula ndani ya nusu saa. Msichelewe.* Na kweli chakula kilikuwa tayari. Shida ni kwamba Mvuke alitoa simu mfukoni.

Hapo ndipo penyewe, ndugu zangu. Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: hakuna kugusa kijiko kabla ya picha. Mwanzoni watu walicheka, wakatabasamu, wakapozi. Baadaye kila mmoja akajitafutia njia yake. Muuguzi akawa anakula huko huko kazini. Binti naye alikuwa na njia yake, tutaifikia. Mvuke hakugundua lolote, kwa sababu mezani alikuwa anawatazama kupitia kioo cha simu tu.

Basi akapakua. Akatazama bakuli, hakulipenda. Tambi zilikuwa zimezama, kuku kazama, hakuna kilichoonekana ila mchuzi. Akawaza, kisha akachukua kikombe kidogo, akakipindua katikati ya bakuli, akazipandisha tambi juu yake. Ah! Bakuli likafura kama lina chakula cha watu watatu. Akapamba kwa majani ya giligilani na kipande cha ndimu. Kufika hapo, mvuke ukawa umekwisha, na picha ya supu bila mvuke yeye hakuitaka hata kuiona. Akachemsha maji kwenye birika, akaliweka nyuma ya bakuli, akamwita binti apepee kwa sinia.

"Pepea! Siyo kwangu, kwenye tambi!"

"Baba, bibi ana njaa."

"Dakika moja."

Dakika hiyo sijui aliipima kwa saa gani. Jua likahama, meza nayo ikahamishwa. Kitambaa kikabadilishwa mara mbili. Ikaja video, na vyote vikarushwa mtandaoni. Muda wote huo, kwenye sufuria, tambi zilizobaki zilikuwa zinafyonza mchuzi hadi zikawa bonge moja. Mama akaita mara ya kwanza, akajibiwa "naja." Akaita mara ya pili, akajibiwa "naja." Mara ya tatu hakuita.

Hatimaye Mvuke akatokea sebuleni, bakuli mkono huu, simu mkono ule.

"Mama, tabasamu! Tazama huku!"

Mama akatabasamu, maskini, jasho likimtoka kwenye paji la uso. Akachota. *Ngo!* Kijiko kikagonga kitu. Akazifunua tambi, akakuta kitako cha kikombe.

"Mwanangu," akasema, "umenipikia kikombe?"

Akacheka, lakini kicheko kikakatikia njiani. Kijiko kikaanguka, mwili ukalala upande. Na Mvuke, nasema hili kwa uchungu, aliliona hilo kwenye simu kwanza, ndipo akaliona kwa macho.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi hakusalimia mtu. "Sukari yake imeshuka! Maji ya sukari, haraka!"

Binti akaruka jikoni. Bibi akanyweshwa taratibu, kidogo kidogo, mpaka macho yakatulia na akaanza kulalamika kwamba maji ni matamu mno. Muuguzi akashusha pumzi.

"Dawa alimeza saa ngapi?"

"Saa sita," Mvuke akajibu.

"Na sasa ni saa ngapi?"

Mvuke akainamisha kichwa. Saa nane kasoro.

"Anahitaji kitu cha kushikilia tumbo," muuguzi akasema. Binti akakimbilia mkoba wake wa shule, akatoa vipande viwili vya mkate vilivyofungwa kwenye karatasi.

"Mkate huu umetoka wapi?" Mvuke akashangaa.

"Huwa naficha, baba. Kwa ajili ya siku za picha."

Wapendwa, hebu mtazameni kinyozi yule. Mtoto wake mwenyewe anaweka akiba ya njaa ndani ya nyumba yenye chakula! Akapiga magoti mbele ya kochi, akalia waziwazi. "Mama, nisameheni. Nisameheni wote."

Wakati huohuo simu ikalia mezani. Ting! Ting! Binti akaichungulia.

"Watu wanasema supu inaonekana tamu sana."

Bibi akatafuna mkate wake, akameza. "Waambie mimi bado sijaonja."

Wakacheka, hata muuguzi aliyekuwa amekunja uso. Kisha akamgeukia mumewe: "Robo saa. Naanza kuhesabu."

Rojo lilikuwa limebaki nusu kinu. Mvuke akaitupa simu ndani ya debe la mchele, akafunika. Safari hii tambi akazilowesha kando, akaziweka bakulini dakika ya mwisho, akazimiminia mchuzi unaotokota. Mabakuli manne, meza moja, vijiko juu. Bibi akavuta tambi kwa kishindo, pilipili ikamtoa kamasi, akajifuta, akavuta tena. Akalimaliza bakuli, akalisukuma mbele, na safari hii hakuwa amekataa chakula.

"Ongeza."

Mvuke akaongeza, machozi yakimlengalenga, akisingizia pilipili. Mvuke ulikuwa unapanda wenyewe, mzito, bila birika wala sinia.

"Mbona huu huupigi picha?" mama akamchokoza.

"Sina mkono, mama. Nimeshika kijiko."

Funzo

Simu si adui, na kupiga picha chakula si dhambi. Lakini chakula hupikwa kwa ajili ya walio na njaa, na wenye njaa ni wale waliokaa nawe mezani. Ukitafuta sifa za watu usiowajua, wa nyumbani watajifunza kuficha mkate. Mgonjwa akishameza dawa, mpe chakula kwa wakati wake. Na wewe unayenisikiliza, leo ukifika nyumbani, chungulia mkoba wa mwanao.