Nani Aliwasha Kiyoyozi cha Gari la Mkunga?

Naapa mbele yenu nyote mnaosoma, habari hii ni ya kweli tupu. Najua majirani wanasema nina ulimi wa kupiga chuku. Sikatai, niliwahi kusimulia kwamba lori langu la zamani lilitembea siku nzima kwa harufu ya dizeli peke yake, na kwamba nilijifunza kusoma kwa kufuata vibao vya barabarani mpaka nikamaliza shule bila kuingia darasani. Hayo tuyaache. Katika hili la gari la mkunga sijatia hata chembe ya chumvi.

Mkunga mwenyewe ni binti yangu. Tunaishi nyumba moja, yeye, mimi, na mwanawe wa kike wa miaka kumi na miwili ambaye mtaa mzima unamwita Waziri. Jina hilo alilipata kwa sababu hawezi kuomba hata maji ya kunywa bila kutoa hotuba.

Kila alfajiri mkunga huondoka na gari alilopewa na zahanati. Ni gari la umeme, dogo, jeupe, halina mngurumo. Siku ya kwanza nilipoliona nikauliza injini imeibiwa na nani. Mchana hurudi nalo, hulichomekea waya wa kuchajia bandani, hutundika ufunguo kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, hula, kisha hulala fofofo. Jioni akiitwa kwa mama anayejifungua, hukuta gari limeshiba.

Zahanati ilikuwa na magari matatu ya namna hiyo, yote ya majaribio. Chini ya usukani wa kila gari kulikuwa na kisanduku kinachotuma habari kwenye kompyuta ya mhandisi wa majaribio hayo: gari limekwenda wapi, betri imebaki kiasi gani, waya umechomekwa saa ngapi. Mwisho wa majaribio, gari lililopoteza umeme ovyo lingehamishiwa zahanati nyingine. Binti yangu alilijua hilo, na usiku na mchana aliliombea gari lake. Bila gari, kina mama wa nyuma ya machimbo ya kokoto angewafikia kwa miguu.

Sasa, bati la nyumba yetu likipata jua la alasiri, ndani panakuwa kama tanuri. Siku hiyo Waziri alirudi kutoka shuleni saa kumi, akatupa mkoba, akaona ufunguo unaning'inia. Nje walikuwa wanamngoja pacha wawili wa fundi cherehani, wanafunzi wenzake.

"Karibuni ofisini kwangu," aliwaambia.

Pacha mmoja alijikwaa kwenye waya wa kuchajia. Waziri akauchomoa, akausogeza pembeni. Akaketi kiti cha dereva, pacha wakaketi nyuma, akawasha kiyoyozi na muziki.

"Mheshimiwa," akasema pacha wa kwanza, "tunaomba barabara ya lami mpaka dukani kwa baba."

"Ombi limepokelewa. Kuna lingine?"

"Mwalimu wa hesabu ahamishwe."

"Hilo limeshapita bungeni! Ongezeni maombi, baridi bado ipo."

Ikawa mchezo wa kila siku. Walipomaliza, Waziri alirudisha waya mahali pake na ufunguo kwenye msumari. Mimi nilikuwa kibarazani. Nilisikia muziki, nikadhani ni redio ya jirani. Masikio ya uzee, mnayajua.

Siku moja walikaa mpaka jua likapungua. Waziri akasikia mlango wa chumba cha mama yake unalia. Akatoka mbio, akaushindilia waya bila kuangalia. Haukuingia sawasawa. Ile taa ndogo ya kijani haikuwaka.

Jioni hiyohiyo mkunga akaitwa. Mama mmoja nyuma ya machimbo alikuwa ameshikwa na uchungu. Binti yangu alipowasha gari akaona betri iko chini mno, akapiga hesabu ya haraka kichwani, akasema, "Litanifikisha tu." Halikumfikisha. Lilizima katikati ya kilima cha machimbo, akashuka, akabeba mkoba wake wa kazi, akapanda kilima kwa miguu. Alipofika, mtoto ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake, na mama amepoteza damu nyingi. Mkunga akaizuia, wote wawili wakapona. Lakini aliporudi nyumbani, miguu imevimba, hakula. Alikaa jikoni akatazama ukuta.

"Ningechelewa kidogo tu zaidi, Baba," aliniambia, "ningemkuta maiti."

Waziri alikuwa mlangoni. Alisikia kila neno.

Asubuhi fundi umeme aliyetuwekea soketi ya bandani aliitwa. Ni mtu mpole, ana kalamu sikioni siku zote. Akapima, akapima tena.

"Mama, soketi hii ni nzima."

"Basi gari linakula upepo?" mkunga akafoka. "Uliniambia soketi hii itadumu mpaka inizike! Kumbe ilitaka kumzika mwenzangu!"

"Mama, kweli nakwambia..."

"Nani mwingine anagusa huku? Waziri! Wewe umewahi kuona kitu chochote kwenye soketi hii?"

Hapo ndipo alipopewa nafasi. Neno moja lingetosha. Waziri akatazama chini, akasema, "Niliona inatoa cheche, Mama."

Fundi akamgeukia. Alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, taratibu. Siku ya pili yake zahanati ikamwambia asiende tena kuweka soketi kwenye nyumba za wakunga wengine. Alikuwa ameshaahidi kazi hiyo kwa vijana wake wawili, na ikabidi aende kuwaambia warudi makwao.

Toka siku hiyo Waziri hakutoa hotuba. Chakula alikichezea. Akikutana na fundi njiani alivuka upande wa pili, na mara moja nilimwona akijificha nyuma ya gari la maji. Pacha walipokuja kuuliza ofisi inafunguliwa lini, aliwafukuza.

"Una nini, mjukuu wangu?" nikamuuliza.

"Kichwa, Babu."

Kichwa gani kinachouma kila fundi akipita!

Ijumaa ya juma hilo mhandisi akaja nyumbani, binti mrefu, kompyuta mgongoni. Alimleta fundi pia. Tulisimama wote bandani: mkunga, fundi, mimi, na Waziri akiwa bado na sare ya shule. Mhandisi akaweka kompyuta juu ya boneti.

"Dada mkunga, usiogope," alisema. "Hatutafuti mwizi. Tunataka kujua magari haya yanatumikaje na yanachajiwa saa ngapi, ili tujue wapi pawekwe soketi na betri za aina gani. Lakini gari lako limenishangaza. Wenzako wakiegesha, umeme unapanda. Wako ukipanda kidogo, unashuka."

Akaonyesha mstari kwenye kioo. Ulipanda kama ngazi, halafu ukainama.

"Siku lilipozima kilimani, hapa, saa kumi jioni na dakika chache: mlango umefunguliwa. Waya umechomolewa. Kiti cha dereva kimekaliwa, vya nyuma vimekaliwa. Kiyoyozi kimewashwa mpaka mwisho. Waya haukurudi kushika tena. Soketi ilikuwa inatoa umeme vizuri muda wote, kisanduku kingine tulichofunga ukutani kinaonyesha. Hakuna cheche yoyote."

Fundi alishusha pumzi ndefu.

"Saa kumi mimi nimelala," mkunga akasema polepole. "Nani alikuwa ndani ya gari?"

"Hilo gari halijui," mhandisi akajibu. "Linajua kiti kina mtu. Jina lake halilijui."

Waziri angeweza kunyamaza, na mimi nilidhani atanyamaza. Masikio yake yalikuwa yamewaka, mikono imeshika pindo la sketi kama anataka kulichana. Nafikiri kama ardhi ingempa mlango angeingia.

"Ni mimi, Mama."

"Unasemaje?"

"Ni mimi. Tulikuwa tunacheza ofisi. Waya nilichomoa mimi. Na cheche..." Sauti ikakatika. "Cheche hazikuwepo. Nilidanganya. Yule mama angekufa kwa sababu yangu, na fundi amekosa kazi kwa sababu yangu."

Akalia, si kilio cha kuomba kuhurumiwa. Alilia ameufunika uso kwa mikono yote miwili, hataki hata mmoja wetu amwone. Mama yake hakumshika. Alimwambia tu, "Mgeukie fundi. Mwambie yeye."

Waziri akamwendea, macho chini.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba."

"Naomba unisamehe. Nilikusingizia."

Fundi akaitoa kalamu sikioni, akaitazama kama ni mara ya kwanza kuiona. "Mwanangu, siku ile nilirudi nyumbani nikajiuliza kama nimesahau kazi yangu. Nilirudia kuipima soketi yangu mwenyewe ya nyumbani. Nimekusamehe. Ila zahanati utakwenda nami, ukaseme hayohayo kwa mganga mkuu."

Walikwenda. Waziri alisema yote mbele ya mganga mkuu na wauguzi. Fundi akarudishiwa kazi yake. Mhandisi akaweka kwenye simu ya mkunga programu inayolia kila gari likiwashwa, na mganga mkuu akasema gari litaangaliwa mpaka mwisho wa mwezi. Umeme ukiendelea kupotea, linaondoka.

Habari ingeishia hapa, na ingeishia vizuri. Mimi nilitaka iishie hapa.

Siku chache baadaye, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, mhandisi akapiga simu. Nilisikia baadaye waliyozungumza: kiyoyozi bado kinawashwa karibu kila siku saa tisa, kama ilivyokuwa hata kabla ya gari kuzima kilimani; simu ililia, lakini mkunga usingizini hakuisikia. Mkunga akamwita Waziri jikoni.

"Umerudia."

"Hapana, Mama! Sijagusa ule ufunguo!"

"Mhandisi amesema saa tisa. Jana, juzi..."

"Saa tisa niko shule!"

"Na cheche pia uliziona, sivyo?"

Hiyo ndiyo adhabu iliyomuuma kuliko zote: safari hii alisema kweli, na kweli yake haikuwa na mnunuzi. Akasimama pale, machozi yanamdondoka kwenye sakafu, mama yake amemkazia macho.

Simu ikalia mezani. Mkunga akaisoma. *Kiyoyozi kimewashwa. Kiti cha nyuma kimekaliwa.*

Akaisoma tena. Akamtazama Waziri, aliyesimama mbele yake bila viatu. Akatazama msumari nyuma ya mlango. Ufunguo haukuwepo.

Wakatoka wote wawili mpaka bandani, na ndani ya gari wakamkuta mzee mmoja amelala kiti cha nyuma, mdomo wazi, miguu imewekwa kwenye kioo cha dirisha, nguo ya kujifunika kifuani, maana usingizi na baridi ya humo havikawii kumchukua.

Mzee huyo, wasomaji wangu, nilikuwa mimi.

"Baba!"

Nilishtuka nikagonga kichwa kwenye dari. "Nilikuwa... nilikuwa nalichunguza gari. Nilisikia panya."

"Panya wa kiti cha nyuma?"

"Panya wa siku hizi, mwanangu..."

Waziri hakucheka. Alinitazama tu. "Babu, sasa hivi Mama alikuwa ananigombeza kwa umeme ulioutumia wewe. Na pale bandani nilivyokuwa nalia, ulikuwa umesimama karibu yangu. Ulijua si mimi peke yangu."

Ni kweli, nilianza kulala humo kabla gari halijazima kilimani, yeye akiwa shuleni. Nimeendesha lori nchi kavu na matope, nimepigwa faini na askari wa kila cheo. Sijawahi kupigwa na kitu kama yale macho ya mtoto. Nilitafuta uongo wa kusema, mimi ambaye sijawahi kuukosa, nikaukosa. Jasho lilinitoka na kiyoyozi bado kinavuma.

Mkunga alifungua mlango, akazima gari, akauchomeka waya mpaka taa ya kijani ikawaka. Kisha akamkumbatia mwanawe, akamwambia, "Nisamehe, nilikuonea." Halafu akatugeukia wote wawili.

"Sikilizeni. Gari hili si la baridi. Lina kazi moja, kumfikia mama kabla hatujachelewa. Waziri, ulikosea kulichezea, lakini kosa kubwa ni kuacha mtu mwingine abebe mzigo wako. Uliposema kweli mwenyewe, ulianza kuupunguza, na mimi leo nilipaswa kukuamini. Baba, wewe ulimwona mtoto akiubeba wako na wake pamoja, ukanyamaza. Mkikosea, semeni mapema, kabla mtu asiyehusika hajaumia. Hilo ndilo ninalolitaka nyumbani kwangu."

"Nimekosa, mwanangu," nikasema. "Waziri, nimekosa. Nipeni adhabu."

"Atoe Waziri," mkunga akasema.

Waziri akafuta macho, akafikiri. Ikaja hotuba, ya kwanza baada ya siku nyingi. "Kwa kuwa Babu amelala kwenye umeme wa kina mama, kuanzia leo mpaka mwisho wa mwezi, nyumba zote za karibu Mama ataenda kwa miguu ili gari lipumzike, na mkoba ataubeba Babu. Na mimi nitafuatana nao, nihakikishe."

Mkoba wa mkunga, nawaambieni, una uzito wa jiwe la kusagia. Siku ya kwanza tu magoti yalilia njia nzima. Mwisho wa mwezi mganga mkuu akasema gari libaki, lakini hadi leo mkoba naubeba.

Jana tulifika kwa mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Akanikaribisha kiti, akaniuliza, "Shikamoo, Mzee. Na wewe ni mkunga?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwambia nimezalisha watu mpaka kwenye lori linalotembea. Waziri akakohoa.

"Marahaba, mama," nikasema. "Hapana. Nabeba mkoba tu, kwa sababu nililala kwenye gari lake, nikakaa kimya mjukuu wangu akisingiziwa."