Kiti cha Marehemu

Hadi leo haijulikani ni nani aliyeuliza lile swali. Wahadhiri wa jopo la usaili waliapa, kila mmoja, kwamba sauti ilitoka kwa mwenzake.

"Nikikupa kiti hiki, utanipa nini?"

Mwombaji, mhadhiri wa muda ambaye mkataba wake wa mwisho ulikuwa unakwisha na watoto wanamtegemea, alidhani ni mtego wa usaili. Akatabasamu. "Vyote nilivyo navyo."

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Mwombaji alipotoka, mwenyekiti wa idara alinong'ona, "Nani kauliza?"

"Usinitazame," akajibu mama wa takwimu, mhadhiri mwenzake. "Nilidhani ni wewe na vituko vyako, mzee."

Hakuna aliyecheka, kwa sababu kiti cha marehemu profesa pale pembeni, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia tangu mwenyewe akauke akiwa mzima kama muwa uliotafunwa, kilianza kulia taratibu, kikanyamaza, kikalia tena, kama mtu mzito anayejiweka sawa asikilize alama zikijumlishwa.

Kesho yake mwenyekiti alimpitisha mganga mlango wa nyuma, akiona aibu.

"Mlitangaza mnatafuta nini?" mganga aliuliza.

"Mtu wa kukalia kiti cha marehemu."

"Kwenu kiti ni kazi. Kwa majini, kiti ni mtu wanayempanda. Mmetangaza, naye jini kaja."

"Mtoe basi!"

"Simwezi, ameshaahidiwa. Mkimnyima yule dada kazi, atapona. Lakini jini atabaki humu, achague kati yenu."

Mganga akaondoka. Wanajopo wakabaki wameinamia karatasi za alama.

"Ana watoto," alisema mama wa takwimu.

"Kwani sisi hatuna?" mwingine akamjibu kwa sauti ya chini. "Na kazi anaitaka. Amewapita wote kwa alama. Tukimwacha ndiyo tutakuwa tumemwonea."

Huenda hata wao waliamini maneno hayo. Kiti kililia mara moja, na mikono yote ikanyooshwa: apewe.

Aliyepeleka habari ni mwenyekiti, aliyemfundisha yule dada tangu mwaka wa kwanza. Alimkuta amesimama kwenye korido.

"Hongera, mwanangu."

"Baba, kweli?" Machozi yakamtoka. "Mungu akulipe."

Mwenyekiti akamfungulia mlango wa chumba chenye kile kiti, akampisha atangulie. Kisha yeye, akiwa bado nje, akauvuta polepole hadi ukafungika.